Akaunti Moja ya Watu Sita

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeanza kufundisha. Chuo kimenipa muhula mmoja na somo moja, kuripoti habari za mtaa. Darasa halifanyiki chuoni. Idara imekodi ukumbi wa kanisa Kambi Muru, Kibera, kwa hoja kwamba mtu hawezi kujifunza kuripoti mtaa akiwa ghorofa ya nne mjini. Hoja ni nzuri. Ukumbi una viti vya plastiki, ubao mmoja na paa la mabati.

Niliwauliza wanafunzi ni nani hutumia akili unde kuandika kazi za chuo. Hakuna mkono ulioinuka. Nikauliza ni nani anamjua mtu anayeitumia. Mikono yote ikapanda. Kijana aliyeketi nyuma, Elvis Walubengo, akasema, "Madam, mimi huyo mtu namjua vizuri sana. Tunalala kitanda kimoja."

Walicheka, nami nikacheka. Nilikuwa naripoti kabla wengi wao hawajazaliwa, na nilidhani kufundisha kutanichosha. Nimerudi Riruta kwa miguu nikitembea haraka kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 5 Machi

Ujumbe kutoka kwa mkuu wa idara, Dakta Lusweti: chuo kinaruhusu akili unde mradi kila mwalimu aeleze mipaka yake. Nieleze yangu. Nimemjibu kwamba nitaieleza Jumanne, mbele ya wanaohusika.

Jumanne, 11 Machi

Nimeieleza. Mashine iwapangie aya, iwasahihishie sarufi, iwaulize maswali. Lakini chini ya kila ripoti waandike waliiomba nini, ikawapa nini, wakatupa nini. Anayeficha anapata sifuri. Na maneno ya mtu aliyehojiwa mashine isiyaguse. Nukuu hutoka kinywani, ikaingia kwenye rekodi, ikaandikwa. Kama hujarudia kusikiliza rekodi, acha nafasi wazi. Usijaze kwa kumbukumbu.

Msichana wa mstari wa mbele akainua mkono. "Na kama deadline imefika na nafasi bado iko wazi?"

"Ibaki wazi."

"Hata kama ni ya marks?"

"Hasa kama ni ya marks."

Huyo ni Jentrix Nelima, wa mwaka wa mwisho, anayeishi na mamake Kisumu Ndogo, upande mwingine wa Kibera. Kituo kimoja cha redio kimemwahidi kazi akimaliza chuo mwaka huu. Aliniambia hayo kabla hajaniambia jina lake. Akikosa mwaka huu, nafasi inaenda kwa mwingine.

Jumanne, 18 Machi

Siku bora niliyowahi kuwa nayo darasani, ingawa sijawa na nyingi.

Tuliiomba mashine iandike ukurasa mmoja kuhusu Kambi Muru msimu wa mvua. Iliandika kabla sijafunga kalamu yangu, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Nikagawa sentensi zake. Kila wawili wachukue moja, watoke nje, waihakikishe kwa miguu.

Walirudi wakipigana kuingia mlangoni. Sijawahi kuona watu wakifurahia kosa kiasi hicho.

"Madam, yangu inasema wakazi wamekata tamaa," Elvis alisema. "Nimeuliza plot nzima. Hakuna aliyekata tamaa. Kuna mmoja amekatiwa stima."

"Yangu inasema kuna soko la samaki kando ya mto," akasema Victor Mutiso, kijana mrefu anayetoka Kawangware. "Nimefika hapo. Ni kinyozi. Ameniambia samaki sijui, lakini nikitaka kunyolewa niketi."

Jentrix alisubiri kelele ziishe. "Yangu ni ya kweli. Inasema njia hujaa matope. Lakini haisemi watu hufanya nini na hayo matope."

Nikaandika maneno hayo ubaoni.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imeanza.

Jumanne, 25 Machi

Mvua juu ya mabati. Nimefundisha kwa kupiga kelele, nao wakajibu kwa kupiga kelele, na jirani akaja kuuliza ni maombi gani. Tumekubaliana mradi wa mwisho: mvua inabadilisha nini ndani ya nyumba za watu? Elvis atashika Kambi Muru, Jentrix Kisumu Ndogo, Victor kwao Kawangware. Wengine wamegawana vijiji vilivyobaki.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua mchana kutwa. Nguo hazikauki.

Jumanne, 8 Aprili

Nimepitia rasimu. Ya Jentrix iko mbele ya zote. Ya Elvis ni kichwa cha habari na ahadi. Nilimuuliza anafanya nini na muda wake. "Nasaidia watu, Madam," alisema, macho kwenye simu. Nimeandika pembeni ya jina lake kwamba ni mzembe.

Jumatatu, 14 Aprili

Ripoti zimefika. Niliziandalia chai nikazisoma mezani.

Katika ripoti ya Jentrix fundi mmoja wa mbao wa Kisumu Ndogo anasema hivi: "Mwaka huu natengeneza vitanda virefu. Watu wanataka maji yapite chini wakiwa wamelala."

Nikaweka kalamu chini, nikasimama, nikazunguka meza. Nukuu kama hiyo mwandishi huipata mara chache katika maisha yake ya kazi. Ina nyumba nzima ndani yake. Nilitamani kumpigia simu papo hapo.

Sikumpigia, kwa sababu ripoti iliyofuata ilikuwa ya Victor. Ukurasa wa pili, Musyoka, fundi wa mbao wa Kawangware: "Mwaka huu natengeneza vitanda virefu. Watu wanataka maji yapite chini wakiwa wamelala."

Neno kwa neno. Mafundi wawili wa mitaa miwili hawawezi kusema hivyo kwa pumzi ileile. Chai ilipoa.

Jumanne, 15 Aprili

Baada ya darasa niliwabakiza wawili hao. Nikawasomea sentensi mara mbili na kuwauliza ni ya nani.

"Ni ya Musyoka," Victor alisema mara moja. "Niko na rekodi." Akaicheza. Sauti ya mzee, Kiswahili chenye lafudhi ya Kitui, msumeno unakata kwa mbali, na maneno yote yamo.

Nikamgeukia Jentrix. "Na wewe?"

"Mimi pia niliongea na fundi, Madam. Anaitwa Khamala."

"Cheza."

Akacheza. Ilikuwa mvua juu ya mabati, na chini yake mwanamume anaongea kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Hakuna neno hata moja linaloshikika. Tulisikiliza mpaka mwisho.

"Basi nukuu uliitoa wapi?"

Aliitazama ripoti yake kama kwamba ni mtu mwingine aliyeiandika. "Niliacha nafasi, Madam. Vile ulisema. 'Fundi wa vitanda, Kisumu Ndogo, alisema,' halafu wazi. Nilitaka kusikiliza tena nikipata earphones. Stima ilipotea siku mbili. Nikaenda saiba, nikalipia kompyuta, nikaipa AI notsi zangu zote inipangie. Iliporudi nikaona fundi ameongea. Nikadhani ni mimi nilijaza."

"Ulidhani?" Victor alikuwa amesimama. "Jentrix, wacha zako. Hiyo kitu umeniibia."

"Nikuibie na nini? Umewahi kuniona na simu yako?"

"Sasa mdomo wa Musyoka ulifikaje kwako? Ulipanda boda?"

"Niulize mimi? Mimi ndio sijui!"

"Mzee wa watu nimemkalia siku mbili kwa vumbi ya mbao, halafu wewe..."

"Kaa chini, Victor," nikasema. Akakaa. Jentrix hakulia. Aliniuliza swali moja: "Utaripoti?"

Nikamjibu kwamba nitaripoti. Mwisho wa ripoti yake, penye maelezo ya mashine, aliandika, "Imepanga aya. Sikutupa kitu." Hakuficha kwamba aliitumia. Lakini hakusoma ilichomrudishia, na jina lililo juu ya karatasi ni lake.

Ninaamini hasemi uongo. Imani yangu si ushahidi.

Jumatano, 16 Aprili

Ofisi ya Dakta Lusweti. Mtu mkavu, tai imebana, hakuna karatasi mezani. Alisoma ripoti zote mbili bila kupepesa macho.

"Kuna maelezo mawili," akasema. "Ameiba kwa mwenzake, au amebuni fundi na mashine ikamsaidia kumpa maneno. Lolote kati ya hayo ni mwaka mmoja nje ya chuo."

"Mwandishi hakomei kwenye maelezo mawili, Dakta."

"Niletee la tatu. Kamati inakaa Jumanne."

"Ikae Kambi Muru. Mashahidi wote wako huko."

Alifikiri, akakubali. Nilitoka nikidhani nimekutana na mlango wa chuma uliovaa tai.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Elvis amekuja nyumbani kwangu Riruta baada ya ibada, amevaa suti ya kakake, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

"Niaje, Madam. Naweza kukaa? Hii si stori ya kusimama."

Nikampa kiti.

"Ile AI tunatumia ni ya kulipia. Peke yako huwezi. Kwa hivyo akaunti ni moja, tuko watu sita. Tunachanga."

"Kama chama cha kuchangiana."

"Ni chama, Madam. Mimi ndiye chairman. Saa hii ni ya Victor, saa ile ya Jentrix, nikiona mtu ameharibu naingia naokoa. Ndiyo maana rasimu yangu haikuwa kitu. Nilikuwa naendesha ofisi."

"Kwa hivyo Jentrix aliingia akasoma mazungumzo ya Victor?"

"Zii! Hiyo iko na sheria. Hufungui ya mwenzako, ukifungua unatolewa. Shida si hiyo. Shida ni hiyo kitu inakumbuka. Ukiiambia kitu leo, kesho kwa mazungumzo mengine bado inajua. Na haijui tuko sita. Inadhani sisi ni mtu mmoja. Mtu mmoja anaishi Kibera na Kawangware, anaogopa mbwa, ako na mtihani wa hesabu na anatafuta bibi. Juzi imeniuliza mguu wangu unaendeleaje. Mguu ni wa Victor! Aliumia kwa mpira."

Niliinuka. Moyo ulikuwa unapiga kama wa mwandishi mchanga aliyepewa ukurasa wa kwanza. Maelezo ya tatu yalikuwa yameketi kwenye kiti changu, viatu mkononi.

"Nionyeshe mazungumzo hayo."

Akainamisha kichwa. "Nilifuta yote. Nilisikia neno kamati, Madam, mkono ukafuta wenyewe."

Kisha nikamuuliza swali lililobaki. "Unaweza kuifanya irudie kosa hilo mbele ya watu?"

Alifikiri. "Naweza kujaribu. Lakini hiyo mashine haipendi kuamrishwa."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua, na kwaya mbili zinashindana kutoka pande mbili za barabara. Nimefuta lile neno "mzembe".

Jumanne, 22 Aprili

Kamati imekaa ukumbini. Dakta Lusweti na wahadhiri wawili mbele, wanafunzi nyuma, simu ya Elvis imeunganishwa na projekta ya kwaya, ukuta mzima ukawa skrini. Mvua ilikuwa nyepesi, tuliweza kusikilizana.

Nilieleza ya akaunti moja. Mhadhiri mmoja akasema kwamba ni hadithi nzuri. Elvis akasema, "Si hadithi, tunaonyesha." Mpango ulikuwa hivi: Victor aiambie mashine jambo jipya katika mazungumzo yake, kisha Jentrix afungue mazungumzo mengine na kuipa notsi zake.

"Hapana," akasema Dakta Lusweti. "Mnaweza kuwa mmeshapanga. Hayo maneno nitatunga mimi."

Akachukua simu na kuchapa polepole, kidole kimoja, ukumbi mzima ukisoma ukutani. Nimehojiana na fundi wa viatu wa Kawangware. Amesema: "Msimu huu watu wananiletea kiatu kimoja kimoja. Kingine kimebaki matopeni."

Kicheko kikapasuka hadi wahadhiri wakashindwa kujizuia. Mlango wa chuma ulikuwa na ucheshi ndani. Sikuwa nimeuona.

Jentrix akafungua mazungumzo mapya, akaweka notsi zake kuhusu mvua Kisumu Ndogo, akaiomba izipange. Mashine ikazipanga vizuri. Hapakuwa na fundi wa viatu. Hapakuwa na kitu chochote cha mtu mwingine.

Wakajaribu tena. Safi kabisa. Haijawahi kunitokea kuchukia kazi nzuri namna ile.

Dakta Lusweti akauchukua mkoba wake. Jentrix alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Daktari, ngoja kidogo!" Elvis aliruka kiti. "Jentrix, siku ile notsi zako zilikuwa na shimo."

"Shimo gani?"

"Si uliacha nafasi ya fundi? Hapa umeipa notsi zimejaa. Haina pa kujaza."

Jentrix alinitazama, nami nikaelewa kabla hajasema. Ile nafasi wazi ilikuwa sheria yangu. Kwa mwandishi nafasi wazi inamaanisha ngoja. Hakuna aliyeiambia mashine hivyo.

Akachapa mstari mmoja wa ziada katikati ya notsi: Fundi wa viatu, Kisumu Ndogo, alisema. Akaacha wazi. Akaomba zipangwe.

Maandishi yakaanza kushuka ukutani. Aya ya kwanza, mitaro. Aya ya pili, paa. Aya ya tatu: Fundi mmoja wa viatu wa Kisumu Ndogo alisema, "Msimu huu watu wananiletea kiatu kimoja kimoja. Kingine kimebaki matopeni."

Sijui ni nani aliyepiga yowe kwanza. Viti vilianguka. Victor alikuwa amemkumbatia Elvis, na jirani akaja tena kuuliza kama ni maombi. Dakta Lusweti alibaki amesimama mbele ya ukuta akisoma maneno yake mwenyewe katika ripoti ya mtu mwingine, wala hakuna mahali mashine iliposema imeyatoa wapi.

Akaweka mkoba chini.

"Hakuiba," alisema kelele zilipotulia. "Hilo limekwisha. Limebaki moja." Akamgeukia Jentrix. "Hiyo nafasi ulimwachia mtu, au uliiachia hewa? Huyo Khamala wako, hakuna anayeweza kumsikia. Simu yake?"

"Haikuwa na chaji, na namba hakuijua kwa kichwa."

"Jumanne ijayo niletee Khamala na maneno yake. Ukimkosa, nitalazimika kuamini kwamba hakuwepo, na adhabu ni ileile. Na kabla ya hapo nenda kwa Musyoka ukamwambie maneno yake yamefika wapi. Yeye hakuombwa ruhusa na mtu yeyote."

Ni haki. Ningefanya vivyo hivyo nikiwa mhariri.

Alhamisi, 24 Aprili

Kawangware, kibanda cha Musyoka, vitanda vimesimamishwa kando ya barabara kama watu wanaongoja. Victor alitutambulisha. Jentrix alisimama wima na kueleza yote, akaunti, nafasi, mashine, bila kujipunguzia. Mzee alisikiliza huku akipiga randa.

"Kwa hivyo kulingana na karatasi yako, mimi niko na duka Kibera?"

"Kwa siku mbili hivi, mzee. Samahani sana."

"Linauza?"

Jentrix akaanza kucheka, mara ya kwanza baada ya wiki moja.

"Usicheke, nauliza biashara," Musyoka alisema. "Maneno nilimwambia Mutiso ni ya hapa. Hapa maji yanatoka kwa mtaro wa juu, watu wanaagiza kitanda kipya kirefu. Kibera mimi sijui. Labda huko ni tofauti. Wewe uliuliza?"

"Niliuliza. Sikusikia jibu."

"Rudi ukasikie."

Ijumaa, 25 Aprili

Kisumu Ndogo. Mahali palipokuwa na kibanda cha Khamala pana mtaro mpya, mpana, maji ya kahawia. Wachuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, walio mkabala wanamjua. Alihama. Wapi? "Huko juu." Juu wapi? "Si huko tu." Mvua ikatufukuza.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku nzima. Hakuna. Mafundi watatu, si yeye. Jentrix ameacha kuzungumza.

Jumapili, 27 Aprili

Tumekutana baada ya kanisa, Jentrix, Elvis na mimi. Nikasema tuache kumtafuta mtu, tutafute kazi yake. Kama Kisumu Ndogo inanunua vitanda virefu, tutafute kitanda kirefu na kumuuliza mwenyewe ni nani aliyemuuzia.

Mlango kwa mlango. Hodi, habari za Jumapili, samahani, tunaweza kuona kitanda chenu? Mtu akitusikia namna hiyo ana haki ya kufunga mlango, na wawili walifunga. Wengine walituonyesha. Hakuna aliyenunua kitanda mwaka huu. Hata mmoja. Nilianza kuogopa kwamba sentensi ile haikuwa na maana yoyote upande huu wa mji.

Kisha mama mmoja muuza omena anayeitwa Angeline akatukaribisha. "Ingieni, lakini mpanguse viatu. Eh, haya, ingieni tu, maji yenyewe haikupangusa."

Kitanda chake kilikuwa cha zamani, mbao nyeusi kwa kuzeeka. Jentrix alikuwa ameshageuka kutoka. Elvis akachuchumaa, akawasha tochi ya simu.

"Madam, njoo uone. Hii kitanda imevaa viatu vipya."

Tukainama wote. Miguu ya zamani ilikuwa imekatwa, na chini yake imeungwa mbao nyeupe, mbichi, ndefu kama mkono hadi kiwiko, imekazwa kwa boliti.

"Hii umefanyiwa na nani?" Jentrix aliuliza. Sauti ilikuwa imerudi.

"Si Khamala. Huyo wa Bungoma. Amefanyia hii laini yote."

"Ako wapi?"

"Nyuma ya ile baa ya kona, panda mteremko. Leo hafanyi kazi lakini utampata, anaishi hapohapo."

Jentrix alikuwa ameshatoka mbio kwenye matope, na sketi ya kanisani. Elvis akamfuata. Mimi nilifuata kwa mwendo wa umri wangu, na nakiri haukuwa mwendo wa kawaida.

Tulimkuta ameketi kwenye benchi lake, mtu mfupi mwenye penseli nyuma ya sikio hata Jumapili. Alimtambua Jentrix kabla hajasalimiwa. "Si wewe yule wa ile mvua? Nilikuambia hiyo kitu yako haishiki kitu."

Safari hii hakukuwa na mvua. Jentrix akaweka simu karibu na kidevu chake, akahakikisha inarekodi, na akauliza swali lilelile: msimu huu unauza vitanda gani?

"Vitanda?" Khamala akacheka. "Dada yangu, sijauza hata kimoja. Hapa watu hawanunui kitanda. Wananunua miguu. Wananiambia, Khamala, kitanda kiko sawa, tuinulie tu."

Jentrix akacheza rekodi hapohapo, mbele yake, mpaka mwisho. Kila neno limo. Elvis aligeuka upande akajifanya anatazama baa.

Jumatatu, 28 Aprili

Anaandika. Sijamsumbua.

Jumanne, 29 Aprili

Khamala alikataa kuja mbele ya kamati. Ana kazi. Akatuma namba ya simu ya mkewe, na Dakta Lusweti akapiga mwenyewe. Walizungumza Kibukusu, lugha ya kwao Bungoma, kwa muda mrefu kuliko kamati ilivyohitaji, na nilisikia neno kitanda zaidi ya mara moja.

Kisha Jentrix akasoma ripoti yake mpya kwa sauti. Imeanza na Kawangware, ambako Musyoka anauza vitanda virefu, nukuu ikiwa na jina lake na Victor akitajwa kuwa ndiye aliyeipata. Ikavuka hadi Kisumu Ndogo, ambako hakuna anayenunua kitanda, watu wanaunga miguu. Mvua ileile, mitaa miwili, na tofauti yote iko chini ya godoro. Ripoti ya kwanza isingeweza kusema hivyo. Ilikuwa imewafanya mafundi wawili kuwa mmoja.

Mwishoni aliandika jinsi alivyotumia mashine. Aliomba ikague sarufi na imwulize maswali. Ilimshauri aondoe miguu ya kitanda na kutafuta maoni ya mtaalamu wa mafuriko. Alitupa ushauri huo. Na aliitumia kupitia akaunti yake peke yake, ya bure, ile inayokatika katikati ya sentensi.

"Cheza rekodi," akasema Dakta Lusweti.

Akaicheza. Wananunua miguu.

"Cheza tena."

Akaicheza tena. Dakta alikuwa anatabasamu waziwazi, tai imelegea. Akainama kuwasikiliza wenzake wawili, kila mmoja akatikisa kichwa kukubali, akaandika mstari mmoja na kutia sahihi.

"Jentrix Nelima, umepita. Mwezi wa saba utavaa joho na wenzako. Madam Mwongeli, muhula ujao nataka mpango wa somo lako, na huyu," akamwonyesha Elvis kwa kalamu, "aandike jinsi akaunti ya pamoja inavyochanganya watu. Wanafunzi wote wa chuo hiki wanachanga, na sisi tulikuwa tumekaa tukidhani kila mmoja ana yake."

"Naandika kama nani, Daktari?" Elvis akauliza.

"Kama chairman."

Jentrix aliketi kwenye kiti cha plastiki, akakaa hapo kama mtu anayesikiliza rekodi ambayo haijaisha. Halafu akainuka, akafungua mlango na kupiga kelele nje, kwa nguvu zote, "Nimepitaaa!" Mama aliyekuwa anasuka jirani akapokea kwa vigelegele. Mwingine wa chini akauliza ni nini, akaambiwa msichana wa Kisumu Ndogo amemaliza chuo. Wa kwenye bomba la maji akalichukua neno na kulipeleka ng'ambo ya mto.

Nilikuwa bado nakusanya karatasi zangu simu ilipolia. Ni Angeline, wa omena, niliyemwachia namba yangu Jumapili ile. Alitaka kujua kama ni kweli.